Somo: Kuhiji misheni za San Antonio, Texas kwa miguu

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Wengi mlioko huku Marekani mnauliza hija ya karibu, basi leo ni misheni nne za San Antonio: Concepción, San José, San Juan na Espada. Ni za Wafransisko wa Hispania, miaka ya 1700, na UNESCO waliziweka urithi wa dunia 2015, ila kwangu kubwa zaidi ni kwamba bado ni parokia hai, watoto wanabatiziwa humo mpaka leo. Kwahiyo nenda kusali jamani, sio kupiga selfi na kuondoka.

HATUA 1: Chagua siku. Viwanja viko wazi mchana, hamna kiingilio. Angalia kwanza ratiba ya parokia maana ukikuta ndoa au mazishi huingii kanisani. Julai na Agosti usitembee kwa miguu, jua la Texas ni kali mno.

HATUA 2: Anzia Concepción. Kanisa la mawe, lilitabarukiwa 1755, ndani bado kuna michoro ya rangi ya enzi zile. Tarehe 15 Agosti, Kupalizwa Bikira Maria, jua la jioni linaingia dirishani na kuangaza mpaka altareni, hiyo siku nenda na gari tu.

HATUA 3: Fuata njia ya kando ya mto kuelekea kusini, na rozari mkononi. Kipande chote kinaitwa Mission Reach, kama maili 8, kwahiyo beba maji ya kutosha na kofia.

HATUA 4: San José, hapa usiharakishe. Utaona ukuta umezunguka uwanja mzima, na vyumba vilivyojengwa kwenye ukuta ndio walikaa wenyeji, watu wa makabila madogo madogo yanayoitwa kwa pamoja Coahuiltecan. Walikimbilia misheni kwa njaa na mashambulizi ya Waapache, kabila jingine la huko, wakapata chakula na ulinzi, ila wakaachishwa mila zao, aliyetoroka alifuatwa na kurudishwa, na ndui na surua zikawamaliza wengi hasa watoto. Mikono yao ndio iliyojenga hayo makanisa na wengi wamezikwa humo humo. Simama uwaombee, "Raha ya milele uwape ee Bwana", taratibu, mpaka mwisho. Wazao wao bado wapo mjini, wengine ni waumini wa parokia hizo hizo, unaweza ukawa umekaa nao benchi moja.

HATUA 5: San Juan alafu Espada. Ndogo, kimya, nzuri kwa tafakari. Karibu na Espada kuna daraja la mawe la kupitisha maji, la miaka ya 1740, na maji bado yanapita.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mbona Alamo hujaitaja?
Jibu: Nayo ilianza kama misheni dada, mwaka 1718, ila leo ni makumbusho ya vita vya 1836 kati ya Texas na Mexico. Itembelee siku nyingine.

Swali: Kispania sijui, Kiingereza cha kuunga unga. Misa nitafuata?
Jibu: Utafuata kaka, Misa ni ile ile. Jumapili San José kuna Misa ya mariachi, yaani muziki wa Kimexico wa violini, gitaa na tarumbeta, wahi mapema kanisa linajaa.

Swali: Sisi wenyewe tumetawaliwa, kwanini nikasali mahali pa ukoloni?
Jibu: Swali zito hilo ndugu yangu, na sikulazimishi. Mimi naenda kwa ajili ya wale waliozikwa pale, ni ndugu zetu kwa ubatizo na walioteseka hawakuandikiwa hata majina ukutani. Tukiwaachia watalii peke yao nani atawaombea?

Swali: Mama yangu magoti yanamsumbua, ataweza?
Jibu: Ataweza, shikamoo yake. Kila misheni ina parking, mnaenda na gari moja baada ya nyingine, na rozari mnasali humo humo garini. Ila mbebee kiti cha kukunja, San José uwanja ni mkubwa sana.