Kuomba mkopo wa FHA wenye fungu la matengenezo kwa nyumba ya HUD, Marekani

Mwenye nyumba akishindwa kulipa mkopo wa FHA, yaani mkopo wa nyumba unaowekewa bima na FHA, idara ya serikali ya Marekani, nyumba hutwaliwa, na nyingi kati ya hizo huishia kwa HUD, wizara ya makazi ya Marekani. HUD huziuza jinsi zilivyo. Hata bawaba haitengenezi. Kama umeipenda moja na fedha ya mafundi huna, upo mkopo unaobeba bei na matengenezo kwa pamoja.

Anzia HUDHomestore, tovuti ya HUD ya kuuzia nyumba zake. Kabla ya picha, tazama herufi mbili kwenye tangazo. IN ni nyumba inayopokea bima ya FHA ilivyo. IE ndiyo yako: inapokea bima kwa sharti la kutenga fungu la matengenezo yasiyozidi dola 10,000. UI imeharibika kupita hapo, hiyo iombee mkopo wa 203(k), mkopo wa FHA wa matengenezo makubwa, shughuli ndefu zaidi.

Kisha muulize mkopeshaji wa FHA waziwazi: mnatoa 203(b), mkopo wa kawaida wa FHA, yenye fungu la matengenezo? Wengine hawaitaki, makaratasi mengi kwa fedha kidogo, na heri ukataliwe sasa kuliko baada ya kushinda zabuni. Ukiwa na alama za mkopo (kipimo cha unavyolipa madeni yako) 580 kwenda juu, malipo ya awali ni asilimia 3.5. Akikupa barua ya idhini ya awali, wakala aliyesajiliwa na HUD ndiye atakayekuwekea zabuni.

Ukishinda, lipa mkaguzi wako, na uombe kibali cha kufungulia maji na umeme ili mabomba yajaribiwe.

Fungu lenyewe hutokana na tathmini: bomba lililopasuka kwa barafu, hita ya maji iliyong'olewa, ngazi isiyo na kishikio. Zulia linalokuudhi tu halimo. Juu yake huongezwa asilimia 10, hivyo kazi ya dola 6,000 hutengewa 6,600, na zote zinaingia kwenye deni lako.

Hapa ndipo watu hukwama. Fedha hukai nayo wewe. Inakaa katika akaunti ya amana kwa mkopeshaji, na kwa kawaida haitoki mpaka mkaguzi athibitishe kazi imekwisha. Kwa hiyo tafuta fundi mwenye leseni anayeweza kununua vifaa kwa fedha yake na kusubiri, na mpate kabla ya kutia saini, kwa sababu muda wa kumaliza mara nyingi ni siku 90. Chenji ikibaki hupewi mkononi, inapunguza deni.