Kupuliza rimu kwa rangi ya mpira: ninavyofanya hapa Dar

Rangi ya mpira si rangi kama tunayoijua kwa mafundi wa eneo la Gerezani. Ni mpira wa majimaji. Ukiupuliza unakauka na kuwa ngozi iliyolala juu ya rangi ya gari, na siku ukiichoka unaichokonoa kwa kucha, unaivuta, na rangi ya chini unaikuta kama ulivyoiacha. Inayojulikana zaidi ni Plasti Dip ya Marekani, ambayo mwanzoni ilikuwa ya kuchovyea mishikio ya koleo. Shikilia hili tangu sasa: ngozi hiyo hubanduka vizuri ikiwa nene tu. Kazi nyingi mbovu ninazoletewa, ukifuatilia, utakuta mtu alibania makopo ya rangi.

Anza na rimu. Bodi zima hula lita 11 hadi 15 na hutaka mashine ya kupulizia. Isitoshe, rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi, hivyo ukitaka kugeuza Toyota IST nyeupe iwe nyeusi, malizana na TRA (Mamlaka ya Mapato) kwanza. Rimu hazina mlolongo huo.

Kwa rimu nne za inchi 15 natenga makopo manne. Utahitaji pia sabuni, brashi, spiriti, tepu ya karatasi, magazeti, karata za zamani na barakoa yenye vichujio vya mkaa. Kwenye barakoa nakusihi usikate kona. Ile ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke wa thina hata kidogo, na mvuke huo pia unashika moto. Kama jirani yako ni mama lishe mwenye jiko la mkaa, hamia pengine.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Hapa ndipo Dar inapotutesa. Aprili moja, katikati ya masika, nilipuliza rimu za mteja chini ya turubai huku mvua ikinyesha nje. Nyeusi ikageuka ukungu mweupe mbele ya macho yangu. Thina inapokauka haraka hupoza uso wa kitu, na hewa yetu yenye unyevu huacha maji juu ya mpira ambao bado ni mbichi. Nilibandua zote nne, nikarudia kwa gharama yangu.

Siku hizi kazi hii naipanga zaidi kati ya Juni na Agosti. Miezi mingine nasubiri siku kavu, nikianza saa nne asubuhi umande ukishaisha na kumaliza kabla ya saa tisa. Fanya kivulini. Rimu iliyochomwa na jua, au iliyotoka barabarani na breki za moto, hukausha mpira kabla haujatandaa, na uso unabaki na chembechembe kama msasa.

Hatua ya 2: Osha kuliko unavyodhani inatosha

Vumbi la breki, lami, na zaidi ya yote yale mafuta ya kung'arishia tairi ambayo vijana wa kuosha magari hupaka kwa ukarimu. Mpira ukikuta mafuta hayo unakimbia na kuacha vitobo. Sugua kwa sabuni, suuza, kausha kabisa, kisha pangusa kwa spiriti.

Kagua rimu yenyewe pia. Kama vanishi yake imeshaanza kubabuka, siku ya kubandua itafuatana na mpira. Palipokwanguliwa hadi chuma, mpira hung'ang'ania zaidi. Na mikwaruzo ya ukingo wa barabara haifichiki. Itaonekana ile ile, ila nyeusi.

Hatua ya 3: Ziba

Chomeka karata kati ya tairi na rimu, mzunguko wote, kila moja ikilalia mwenzake. Ziba mdomo wa upepo kwa tepu. Mimi huvua gurudumu, halafu nasokota gazeti kwenye matundu ya nati. Hili ni la usalama: mpira ukikaa mahali nati inapokalia, au nyuma panapogusana na habu (kitovu kinachobeba gurudumu), utaminywa ukiwa barabarani na nati italegea.

Hatua ya 4: Puliza

Tikisa kopo dakika nzima. Shika umbali wa sentimita 15 hivi, anza kupuliza nje ya rimu, pita bila kusimama. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, uwe mwepesi, kama nusu ya rangi ya zamani bado inaonekana. Wengi hapa huingiwa na wasiwasi wakataka kuifunika papo hapo, na michirizi inaanza. Subiri dakika 15. Mkono wa pili na kuendelea uache uso ukionekana umelowa, lakini usichuruzike. Usipige chini ya mikono mitano, na kumbuka kuinamia pembe za ndani, kwa sababu huko ndiko mpira huwa mwembamba.

Hatua ya 5: Toa tepu mbichi

Toa tepu, magazeti na karata mara tu baada ya mkono wa mwisho. Ukingoja ikauke, tepu itavuta ngozi na kuichana. Acha kwa muda wa saa nne ndipo ufunge gurudumu, soketi ukiwa umeizungushia tepu isichubue. Usioshe kwa siku tatu. Baada ya hapo maji na sabuni yanatosha, na mwambie muoshaji asifute lami kwa petroli, maana petroli inayeyusha mpira huu.

Kubandua

Weka gari juani kidogo mpira ulainike. Sugua ukingo kwa kidole gumba hadi ujikunje, kisha vuta polepole. Ukiwa mnene utatoka vipande vikubwa, na kwa kweli inaridhisha sana. Ukikatikakatika kama ganda la yai lililochemshwa vibaya, usikwangue kwa kisu. Puliza mikono miwili mizito juu yake, uache ukauke vizuri; mpya hushikamana na wa zamani na vyote vinatoka pamoja. Masalia ya pembeni yanyunyizie WD-40, subiri dakika chache, pangusa kwa kitambaa.