Jinsi ya kuziba mfereji unaokausha ardhioevu

Kabla hujashika sepetu, pima. Mimi huchomeka nguzo yenye alama za sentimita pale maji yanapokaa zaidi, nikaisoma kila wiki, kiangazi na wakati wa mvua. Bila daftari la vipimo hivyo, anayetaka kulima pale atakuambia maji yamekauka yenyewe, nawe huna la kumjibu.

Kisha ufuate mfereji wote kwa miguu. Usizibe mdomo peke yake. Maji yatajaa nyuma yake na kuubomoa, kama yalivyobomoa kizuizi changu cha kwanza, nilichokijenga kwa mchanga mtupu (nilicheka baadaye sana). Weka vizuizi kadhaa, ukianzia juu kuteremka. Tumia udongo mweusi wa hapohapo, uliolowa, uukanyage tabaka kwa tabaka mpaka uache kutoa mapovu. Kila kizuizi kiingie ndani ya kingo zote mbili na kiinuke juu kidogo ya ardhi, ili maji yasambae pembeni kwenye matete.

Kibali na mazungumzo na majirani wa bondeni vitakula muda kuliko kuchimba. Anza navyo mapema.

Miche usikimbilie kununua. Mara nyingi mbegu zimo udongoni, zinangoja maji.