Namna ya Kuitafuta Jeni kwenye Kromosomu za Tilapia wa Kufugwa: Mwongozo kwa Maabara za Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Mfugaji wa vizimba pale Dunga, ufuo wa Ziwa Viktoria mjini Kisumu, hupendelea vifaranga madume, kwa kuwa dume la tilapia hukua haraka kuliko jike, ambalo hutumia nguvu nyingi kutaga na kuatamia mayai mdomoni. Ndiyo maana vituo vingi vya kutotolesha huwalisha vifaranga chakula chenye homoni katika wiki tatu au nne za mwanzo. Anayetaka kuachana na homoni na kupata madume kwa njia ya urithi hana budi kujua kwanza jeni inayoamua jinsia imekaa kwenye kromosomu ipi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuitafuta kwa hadubini, kwa kuibandikia kipande cha DNA chenye rangi inayong'aa, mbinu ileile ambayo watafiti wa chaza wa kufugwa wameitumia kwenye kromosomu 20 za chaza wa Pasifiki.

Kabla ya kumgusa samaki, anzia kwenye kompyuta. Mfuatano wa DNA ya tilapia wa Nile ulichapishwa mwaka 2014 na unapatikana bure kwenye intaneti, kwa hiyo tafuta humo jeni yako uone imewekwa katika kundi lipi, yaani kromosomu ipi kwenye ramani ya jeni. Hapa wanafunzi wengi huchanganyikiwa: samaki huyu ana kromosomu 44, yaani jozi 22, ilhali makundi yamepewa namba hadi 23. Hakuna jozi ya ziada. Namba zilitolewa wakati ramani ilikuwa bado na mapengo, na baadaye kundi la 16 na la 21 likabainika kuwa kitu kimoja, hivyo namba 21 ikabaki tupu.

Jibu la kompyuta lisichukuliwe kuwa la mwisho. Katika baadhi ya koo za tilapia wa Nile jinsia imehusishwa na kundi la 1, katika nyingine na kundi la 23, na kwa binamu yake Oreochromis aureus inahusishwa na kundi la 3. Zaidi ya hayo, tilapia wa Nile aliletwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na tilapia wa spishi mbalimbali huzaana wao kwa wao wakikutana. Usidhani, basi, kwamba samaki wa kituo fulani wanafanana kijeni na wale waliochorewa ramani ng'ambo.

Kazi nzito iko kwenye slaidi, na kwa maoni yangu anayeharakisha hatua hii anapoteza fedha za hatua zote zinazofuata. Chagua samaki wachanga wenye afya, wa gramu 30 hadi 50, waliosafirishwa wakiwa hai. Mdunge kila mmoja tumboni kolchisini ya asilimia 0.025, mililita 1 kwa kila gramu 100 za uzito, kisha umrudishe majini kwa takriban saa moja. Dawa hii husimamisha seli zikiwa katikati ya kugawanyika; ni sumu, kwa hiyo vaa glavu. Muue samaki kwa kumzidishia mafuta ya karafuu, umpasue, utoe sehemu ya mbele ya figo, ambayo ni tishu laini nyekundu iliyoko nyuma ya kichwa. Isage polepole ndani ya kloridi ya potasiamu ya gramu 5.6 kwa lita, uiache kwenye nyuzi 37 kwa dakika 20 hadi 30 ili seli zivimbe. Baada ya hapo zihifadhi, zisiharibike umbo, kwa mchanganyiko baridi wa methanoli sehemu tatu na asidi ya asetiki sehemu moja, ukiubadilisha mara tatu.

Dondosha matone mawili juu ya slaidi safi. Januari na Februari, hewa ya mchana ikiwa kavu, methanoli huyeyuka upesi mno na kromosomu hubaki zimerundikana. Ishikilie slaidi juu ya mvuke kwa sekunde chache kabla ya kudondosha. Wakati wa mvua za masika hewa yenyewe inatosha. Kisha itazame kwa hadubini ya utofautishaji awamu (phase contrast), inayoonyesha seli bila kutia rangi: kromosomu nzuri zimelala bapa, za kijivu kilichokolea, na unaweza kuzihesabu zote 44. Zikimetameta kingoni, iweke kando slaidi hiyo.

Probu, yaani kipande cha DNA kinachobeba rangi, iwe ndefu. Jeni peke yake ya besi (herufi za DNA) elfu chache haitoi mwanga wa kuaminika, hivyo tumia kipande cha besi 100,000 hadi 200,000 kilichohifadhiwa ndani ya bakteria. Ichanganye na DNA ya tilapia isiyo na rangi, iliyoteuliwa kwa mifuatano inayojirudia, la sivyo kila kromosomu itawaka. Anayejifunza aanze na jeni za ribosomu, kwa sababu nakala zake ni nyingi na huonekana kwa urahisi.

Tenganisha nyuzi za DNA ya slaidi katika formamidi ya asilimia 70 kwenye nyuzi 70 hadi 72 kwa dakika mbili, uitumbukize mara moja kwenye ethanoli ya barafu, weka probu iliyopashwa moto, funika, na uache usiku kucha kwenye nyuzi 37. Kwa kuwa umeme hukatika, weka kisanduku cha slaidi ndani ya kontena la kuhifadhia joto lenye maji ya nyuzi hizo. Asubuhi osha na utie DAPI, rangi inayozifanya kromosomu zing'ae buluu.

Ishara ya kweli ni nukta mbili sambamba kwenye kila kromosomu ya jozi, na irudie katika seli zisizopungua 20. Jozi kubwa kuliko zote, ambayo ni kundi la 3, hutambulika kwa macho. Nyingine zinafanana mno, kwa hiyo ongeza probu ya pili ya rangi tofauti ambayo mahali pake panajulikana. Kuwa mwangalifu na jeni ya amh ya kundi la 23, inayohusishwa na jinsia: nakala yake ya kidume imepangana nayo bega kwa bega, hivyo probu ndefu itawaka kwa dume na jike vilevile. Hadubini itakuonyesha kromosomu, lakini kuwepo kwa nakala hiyo kutathibitishwa na PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kumtupa samaki, kagua korodani au ovari uandike jinsia yake, kata kipande cha pezi ukihifadhi katika ethanoli, na uziweke seli zilizobaki kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, vyote vikiwa na namba moja na jina la kituo alikotoka.