Namna ya kupunguza gemu bila kuuza telefone: vile tulifanya na mdogo wangu hapa Bukavu

Mdogo wangu ni finalisti, anajitayarisha kwa Exetat, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, na siku moja nilimkuta saa kenda za usiku juu ya kitanda na gemu ya Mobile Legends mkononi, macho mekundu. Sikumnyang'anya telefone, juu mimi mwenyewe nilipitia hapo, nilirudilia mwaka wa kwanza wa chuo juu ya PlayStation. Tulikaa wiki sita tukijaribu, naandika vile ilitoka.

Hatua ya 1. Usifute gemu. Ukiifuta leo, kesho unairudisha, na mega za intaneti zimeisha bure.

Hatua ya 2. Wiki moja cheza kama kawaida lakini hesabu. Daftari na biki, kila mechi kamstari kamoja. Programu za kuhesabu sizipendi, zinakaa mule mule kwenye simu unayotaka kuiweka chini. Mdogo wangu aliapa anacheza mechi sita kwa siku, daftari ikaonyesha kumi na tisa, akanyamaza mwenyewe.

Hatua ya 3. Weka mpaka wa mechi, si wa dakika. Hapa tulipoteza wiki mbili nzima, soma polepole. Mwanzoni tuliweka ile saa ya Android ya kufunga programu, saa moja kwa siku. Sasa muda unaisha mechi iko katikati, gemu inafungwa, na Mobile Legends mko watano kwa watano, haisimami kukungojea: ukitoka, wenzako wanne wanabaki na pengo na wewe unakatwa alama. Basi anaingia mu parametri, anaitoa ile saa, sekunde kumi imeisha. Nyuma ya siku tatu alikuwa anaitoa hata mbele ya kuanza. Nikamgombeza sana, nikafikiri ni kichwa ngumu, kumbe kosa lilikuwa kwa kipimo chenyewe, na nilimwomba msamaha.

Tukasema mechi tatu kwa siku, ya tatu ikiisha telefone inalala. Lakini angalia haya. Mechi ya renki, ile ya kupandisha ao kushusha cheo chako, iwe ya kwanza ao ya pili, ya tatu isiwe ya renki hata siku moja, juu ukishindwa renki mwishoni damu inachemka, unataka kulipiza, na usiku unaenda hivyo. Kwa wale wa Free Fire, gemu ya kupigana mpaka abaki wa mwisho: mnashuka watu 50, unaweza kufa dakika mbili za kwanza, na hiyo pia inahesabika, ukisema haihesabiki utajikuta na mechi kumi "fupi". Notifikesheni zote zima, zile za zawadi ya kila siku ndizo za kwanza. Na mbele ya kuanza, tayarisha kazi ya kusimama nayo mara moja mechi ya tatu ikiisha, kwetu ni bidoni za maji. Ukibaki umekaa, kidole kinarudi chenyewe.

Hatua ya 4. Umeme. Kwetu Kadutu, hapa Bukavu, na hii delestaji ya kukatiwa umeme kwa zamu, mara nyingi unarudi usiku, kila mtu anaamka kuchaji, na ukishika simu kuangalia asilimia umeshaanza kucheza. Shajeri yetu sasa inakaa chumba cha mama. Mdogo wako akisema anahitaji telefone ya kumuamsha, nunua saa ya mezani.

Hatua ya 5. Gemu inakushika juu kila dakika chache inakuonyesha umepanda. Tafuta kitu kingine chenye ngazi inayoonekana. Yeye anafanya maswali 20 ya zamani ya Exetat kila jioni, anaandika alama ukutani kwa makaa. Alianza na 7, kuna siku sasa anapata 15, na anaiangalia ile ukuta kuliko renki yake.

Wazazi, tafadhali, musimwite mtoto mgonjwa haraka. OMS, Shirika la Afya Duniani, iliingiza shida ya gemu mu orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini wanaangalia mtu aliyeshindwa kujizuia, gemu inapita mambo yote ya maisha, anaendelea hata inamuharibia, na kwa kawaida hiyo ikae miezi 12. Ukiona hivyo kweli, mpeleke kwa munganga. Kama ni mitihani imekaribia na anacheza sana, anza na daftari.

Siku ukivuka hesabu, andika mistari yote, hata kama ni ishirini, usifiche hata mmoja. Kesho yake unaanza tena na tatu, si na sifuri.