Kabla ya kupanda meli Kyela, ulizia kilichoepuliwa

Kwa mnaoshuka kutoka Mbeya kwenda kupanda meli ya Ziwa Nyasa: mkifika kwa mama ntilie, msianze na "kuna nini?" Ulizeni, "Mama, kipi kimeepuliwa sasa hivi?" Agizeni hicho, hata kama roho inataka samaki aina ya mbasa aliyelala kwenye hotipoti tangu asubuhi. Kyela iko zaidi ya meta 1,000 chini ya Mbeya mjini, na joto lake si la mchezo. Wali uliopoa ambao ungevumilika Uyole, kule Mbeya, hapa Kyela huharibika upesi, na tumbo likichafuka mko katikati ya maji mtajuta. Mchele wa Kyela wenyewe, ukitoka motoni, hauhitaji mboga nyingi (hapo mimi si mwamuzi wa haki).

Mbinu hii hukwama alfajiri, majiko yakiwa bado hayajawashwa. Hapo chukueni mayai ya kuchemsha yenye maganda na ndizi mbivu. Na kati ya Mei na Agosti, upepo wa mwera ukivuma na kuleta mawimbi ziwani, hata chakula cha moto kuleni nusu sahani, bila mafuta mengi. Mkishashuka bandari ya Mbamba Bay ndipo mshibe.