Kuandika ng' kwa kidole gumba kwenye kibodi ya Kijapani

Nina steshenari ndogo Handeni, na kazi inayoniletea wateja wengi ni kuchapa mihtasari ya vikao vya wafugaji. Neno ng'ombe linajaa ukurasa mzima. Mwaka jana nilinunua kibodi ya mtumba iliyotoka Japani, ngumu, vitufe vyake vinabonyea vizuri kuliko mpya zote nilizopitia. Shida ikawa ritifaa, ile alama ya ' katika ng'. Kwenye kibodi hizo iko juu ya 7, kwa hiyo kila ng' inadai Shift. Ukiharakisha unapata ng7ombe, au ritifaa inaruka kabisa na "kung'oa" inageuka "kungoa". Ngoa ni neno jingine, lenye maana yake. Muhtasari unaosainiwa na mwenyekiti na katibu hauwezi kutoka hivyo.

Dawa ilikuwa kwenye kibodi ileile. Kushoto kwa kitufe cha nafasi kuna kitufe kilichoandikwa 無変換, muhenkan. Kulia kuna 変換, henkan, na pembeni yake kimoja cha kana, yaani herufi za silabi za Kijapani. Wajapani huvitumia kubadili herufi wanapoandika lugha yao. Kwa Kiswahili havina kazi, na vyote viko chini ya kidole gumba.

Kompyuta yangu haitumii Windows, inatumia mfumo wa Linux Mint wenye sura ya Cinnamon. Kwanza fungua mipangilio ya kibodi, nenda Layouts, ongeza Japanese na uifanye ya kwanza, ili kinachotokea kwenye skrini kifanane na kilichochorwa kwenye vitufe. Kisha fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike

xev

Kidirisha kidogo cheupe kitatokea. Bonyeza muhenkan ukiwa humo, kisha usome kwenye terminali namba inayofuata neno keycode. Kwangu muhenkan ni 102, henkan ni 100, kana ni 101. Usinakili namba zangu kabla hujaziona zako.

Sasa jaribu xmodmap, amri inayobadili kazi ya vitufe:

xmodmap -e "keycode 102 = apostrophe rightsinglequotemark"
xmodmap -e "keycode 100 = BackSpace"

Neno la kwanza baada ya alama ya sawasawa ni kinachotoka ukibonyeza kitufe peke yake. La pili ni ukishika na Shift. Nimeweka ritifaa iliyonyooka kwanza kwa sababu ndiyo watu wengi huandika wanapotafuta neno ndani ya faili. Ile iliyopinda naitumia kwenye kadi za harusi na vyeti, inapendeza zaidi kwenye karatasi. Henkan nimekipa kazi ya kufuta kwa sababu Wajapani wamebana kitufe cha kufuta pale juu ili kupata nafasi ya alama ya yen, na kidole changu cha mwisho kilikuwa kinakikosa.

Kuna njia nyingine, ya kubadili vitufe chini kabisa kupitia faili za hwdb, ambamo mfumo huweka taarifa za vifaa. Niliijaribu. Nilikiambia muhenkan kiwe apostrophe, kikatoa nukta mbili. Sababu ni kwamba hwdb haitaji alama, inataja mahali pa kitufe, na mahali pale kwenye mpangilio wa Kijapani panatoa nukta mbili. Kama umeamua kutumia mpangilio wa Marekani, njia hiyo inafaa. Kama sivyo, baki na xmodmap.

Ukiridhika, andika mistari hiyo miwili kwenye faili linaloitwa .Xmodmap ndani ya folda lako la nyumbani, bila neno xmodmap, bila -e na bila alama za kunukuu. Halafu fungua Startup Applications, ongeza amri hii:

sh -c "xmodmap ~/.Xmodmap"

Ipe icheleweshwe sekunde 10. Usiache hapo patupu, maana mfumo hupanga kibodi wakati wa kuwaka, na amri ikitangulia itafutwa. Hilohilo hutokea ukichomoa waya wa kibodi na kuurudisha, au ukibadili mpangilio: vitufe vinarudi kuwa vya Kijapani. Fungua terminali, andika xmodmap ~/.Xmodmap, kazi inaendelea. Kama umeingia kwenye kompyuta kwa kikao cha Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha, xmodmap haitakusaidia. Toka, na kwenye skrini ya kuingilia uchague kikao cha X11, mfumo wa zamani.

Kitufe cha kana sijakigusa bado. Juu ya muhenkan nimebandika kipande cha stika chenye ritifaa kubwa, ili kijana anayenisaidia jioni asilazimike kuuliza.